Mkono Chini ya Shuka

Kulow alishuka kwenye tuktuk peke yake, na hapo ndipo Shamso alipojua kuna jambo.

Safari ya kwanza mwaka huu, alipofika Garissa na lori la mbuzi kutoka Eldas, mwanamume huyu alishushwa na watu wawili kama gunia la sukari, goti limefura, akimtaja Mungu kila hatua. Safari zilizofuata alikuwa na fimbo. Leo alimlipa dereva, akakung'uta kikoi, akavuka uwanja na jerikeni ya maziwa ya ngamia begani. Fimbo hana, kuchechemea hachechemei. Akafika mbele ya kiti cha Salah, mume wa Shamso, akachuchumaa kwa goti lile lile, akauchukua mkono wa mgonjwa uliokuwa umelala pajani.

"Ina adeer," akamwambia, maana baba zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, "Mungu akulipe. Unajionea mwenyewe."

Salah alitaka kujibu, lakini siku hizi maneno yake hayakutoka upesi. Alimtazama mkewe, kisha akatazama chini. Na Shamso aliyekuwa ameishi na huyu bwana tangu usichana wake alijua vizuri maana ya kutazama chini.

"Amlipe kwa lipi?" akauliza.

"Kwa dawa, abaayo," Kulow akasema bila hila yoyote, kama kaka anayemjibu dada yake. "Zile zake za uvimbe. Nimekuja kuchukua zingine."

Shamso aliitua sufuria ya chai chini polepole. Hakutaka imwagike.

Nisikilize kidogo hapa, usije ukamhukumu Salah bure. Salah alikuwa dalali wa ngamia, tena si dalali wa hivi hivi. Katika soko lile la mifugo bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono, shuka hutupwa juu, na huko chini vidole ndivyo vinavyozungumza: kidole hiki kikibanwa ni kiasi fulani, viwili vikibanwa ni kiasi kingine, kiganja kizima kikifumbatwa hapo bei imefika juu kabisa. Watu wamejaa pande zote, wanakodoa macho, na hakuna ajuaye kilichosemwa ila hao wawili. Ndiyo maana dalali anayekana kilichosemwa na vidole vyake hana kazi tena, na wanawe hawana kazi. Salah hakuwahi kukana.

Kisha vidole vikaanza kulegea. Mwanzoni wanunuzi walidhani ni ujanja mpya. Asubuhi moja mnunuzi mmoja, mtu mpole sana, aliukwepa mkono wa Salah chini ya shuka, akaushika juu, mbele ya watu wote, kwa mikono yake miwili, kama unavyomwamkia mzee aliyestaafu. Akamtakia afya. Akaenda kwa dalali mwingine. Salah alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, na hakwenda sokoni tena.

"Heri angenitukana," alimwambia mkewe siku hiyo, wakati bado anasema vizuri.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kizungu ambalo Shamso aliliacha pale pale hospitalini. Alichokishika ni maelezo: neva zinazoiamrisha misuli zinakufa polepole, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Ila kulikuwa na utafiti. Wataalamu walishuku kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna uvimbe unaoziunguza neva hizo, na kwamba dawa ya kutuliza uvimbe huenda ikauchelewesha ugonjwa. Huenda. Sista Gatwiri, muuguzi wa utafiti huo, mtu wa Meru mwenye subira isiyoisha, alilirudia neno hilo mpaka Shamso akalichukia. Na hilo halikutosha. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa, nusu wangepewa vidonge vya unga mtupu vinavyofanana nayo, na nani kapata nini hakuna ambaye angejua, si mgonjwa, si sista, si daktari, mpaka utafiti uishe.

Tangu hapo kila alfajiri Shamso aliongeza dua moja juu ya zile za kawaida: Ewe Mola, visiwe unga.

*

Alimngoja Kulow aende msikitini kwa sala ya alasiri, ndipo akavuta kigoda akakaa mbele ya mumewe.

"Ulikuwa unampa vingapi?"

"Vya... jioni."

"Vyote vya jioni?"

Salah akainamisha kichwa. Kila asubuhi na kila jioni Shamso alimfungulia chupa ya vidonge, maana vidole vyake havikuweza kifuniko. Kisha aligeuza uso. Salah alikuwa akipaliwa anapomeza, na hakupenda kutazamwa machozi yakimtoka kwa ajili ya tone la maji. Mke akageuza uso, mume akakitia kidonge cha jioni kwenye pindo la kikoi, kikamngoja Kulow na lori lake.

"Na mimi hapo nageuka, mjinga wa watu," Shamso akasema. "Nasema namtunzia mume wangu heshima."

"Alikuwa... anasali kwenye kiti," Salah akasema. Ilibidi apumzike kati ya maneno. "Kulow. Hawezi kusujudu. Akaniuliza, dawa yako ya nini? Nikasema, ya uvimbe. Akasema, hata mimi nina uvimbe. Ningesemaje?"

"Ungesema hapana."

Salah alicheka, kicheko chake kipya kisichokuwa na sauti. Hapana, kwa mtoto wa ami yake, aliyekaa kwenye mkeka wake na goti kama tikiti.

"Shamso. Nyumba hii watu waliingia mikono mitupu... wakatoka wamebeba. Ama si hivyo?"

"Ni hivyo."

"Sasa wanakuja wamebeba. Maziwa. Sukari. Wananiwekea hapa miguuni, wananionea huruma." Akakusanya pumzi. "Nilibakiwa na kitu kimoja tu cha kutoa."

Shamso alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno makali yalikuwa yamepangana mdomoni, yakabaki humo humo, kwa sababu wazo lilimjia ghafla akasimama. Goti la Kulow limepona. Kama goti limepona, basi si unga. Ni dawa. Dua yake ya alfajiri zote zile ilikuwa imejibiwa zamani na yeye hana habari. Alijifunika uso kwa mtandio, akacheka huku akilia.

"Ni dawa ya kweli, Salah. Umepewa ya kweli."

Salah hakucheka. Alikuwa akijaribu kuinua mkono wa kulia. Ulipanda kidogo juu ya paja, ukatetemeka, ukarudi.

"Ya kweli," akasema. "Na bado."

"Kwa sababu unameza nusu! Utameza zote. Nitakaa hapa nikukague mdomo kama mtoto, na ukasirike ukitaka. Na sista hatumwambii kitu. Kulow atakwenda duka la dawa kama watu wengine."

"Watauandika mkono huu," Salah akasema. "Watasema, huyu alimeza asubuhi na jioni... na mkono ulikufa vile vile. Halafu watu wengine watapimiwa kwa huo uongo wetu. Lazima tuseme."

"Wakikutoa je?"

"Wanitoe."

"Mimi sikubali," Shamso akasema, akaondoka na sufuria.

Alimnunia siku zilizofuata, au tuseme alijitahidi. Si kazi rahisi kumnunia mtu unayemlisha. Unakaza uso, lakini kijiko lazima ukipoze, lazima ungoje ameze, lazima umfute kidevu. Alimfuta kidevu kwa hasira, kisha akarudia kwa upole, maana mara ya kwanza hakufuta vizuri. Kulow, aliyejiona kuwa ndiye chanzo cha ugomvi, alichinja mbuzi mmoja wa biashara yake bila kuulizwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Siku ya kliniki ilipofika, Salah alimwambia Kulow jambo moja tu: twende wote.

*

Kliniki ya utafiti ilikuwa na vyumba viwili na feni moja. Kulow aliachwa nje kwenye benchi. Ndani, Sista Gatwiri aliwaamkia kwa salamu yake ya Kisomali aliyojifunza hapo Garissa, akaikosea mahali pale pale anapoikosea siku zote, na Salah akatabasamu kama kawaida.

"Haya mzee wangu. Nibanie."

Alimtia mkononi kile kifaa cha kupimia nguvu ya mshiko. Salah alibana. Ungeona shingo yake ilivyokaza, ungedhani anainua gari. Mshale ulisogea kidogo tu. Sista aliandika bila kubadili uso, na Shamso alimpenda kwa hilo na kumchukia kwa hilo.

"Na dawa? Zinamezwa vizuri?"

Hapo ndipo Salah alipozungumza. Alisema kwa Kisomali, polepole, akimtazama Gatwiri usoni. Alisema yote: vidonge vya jioni, Kulow, goti. Ilichukua muda. Gatwiri alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, lakini Kisomali chake kiliishia kwenye salamu, na hata Msomali asiyemzoea Salah asingeweza kuuelewa ulimi ule. Siku zote aliyemfasiri mgonjwa ni mkewe.

"Amesema nini, mama?"

Shamso alikuwa hajalifikiria hili. Siku zote hizi alikuwa akimwomba Salah anyamaze, na kumbe kunyamaza kwa Salah hakukuwa na maana yoyote. Maneno yalipaswa kupita kwake. Yeye ndiye aliyekuwa dalali sasa, na hapakuwa na mwingine chumbani wa kujua kilichosemwa.

"Anasema..." akasema, "anasema leo kuna joto sana."

Salah hakupinga. Hakukunja hata uso. Alimtazama tu mkewe, kisha akafumba macho.

"Pole, mzee," Gatwiri akasema. "Ni kweli hapa ndani ni tanuri." Akainuka, akaichomoa feni iliyokuwa ikimpepea yeye mwenyewe kwenye meza yake, akaibeba, akaichomeka upande wa Salah, akaielekeza vizuri usoni pake. Akarudi kukaa, jasho likamtiririka shingoni, akaichukua kalamu.

Shuka ya Salah ilipepea. Shamso alitazama ile feni, akaona haya ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mwanamke huyu hakuwa na deni nao lolote. Na pale kitini alikuwa amekaa mtu ambaye maisha yake yote hakukana neno la vidole vyake, na sasa anakanwa na mke wake mwenyewe.

"Sista," akasema. "Hakusema hivyo. Nimekudanganya. Ngoja nikuambie alivyosema."

Akamwambia. Hakupunguza kitu, hata kile cha kugeuza uso, ambacho Salah hakukisema kwa kuwa hakutaka kumtia mkewe lawamani.

Gatwiri aliweka kalamu. Walipomwona akikunja uso walidhani ni hasira.

"Huyo mtu mwenye goti," akasema. "Yuko wapi? Mzima? Tumbo haliumi? Hizi si peremende, mama. Mzee tunampima damu kila akija, kwa sababu zinaweza kumtoboa mtu tumbo, zinaweza kumharibu figo. Huyo mwingine nani amempima?"

Kulow akaitwa. Aliingia amevua viatu, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Sista, mimi iko sawa kabisa," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Goti hii ilikuwa kubwa. Sasa angalia." Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, kama anayemwonyesha mnunuzi ngamia mwenye miguu mizima.

"Nimeona, mzee. Inuka nikutoe damu."

Huyo ndugu, aliyelala porini na fisi tangu utotoni, alipoona sindano alimwomba Shamso amshike bega. Baadaye Gatwiri akatoka nje na simu. Walimsikia akizungumza na daktari wa Nairobi, akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Aliporudi hakuketi nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa karibu na Salah, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mzee, vidonge vinasimama leo. Si adhabu. Dawa ikishagawiwa mtu ambaye hatumjui afya yake, daktari hawezi kukupa nyingine. Nimemwomba. Amekataa, na mimi ningekuwa yeye ningekataa."

Shamso alikuwa akilijua hili. Alilijua tangu siku ile aliposema hakubali. Lakini kulijua hakukumsaidia. Alishika ukingo wa meza.

"Basi utuambie kitu kimoja, sista," akasema. "Zilikuwa za kweli, si ndiyo? Goti limepona. Angekuwa anameza unga, lingepona vipi? Niambie tu zilikuwa za kweli. Nitatulia."

Gatwiri akatikisa kichwa. "Sijui, mama. Wallahi sijui, daktari mwenyewe hajui. Na goti la mzee haliwezi kutuambia. Goti lina siku zake, linafura, linapungua. Halafu mtu akipewa dawa na ndugu yake, tena ndugu anayeumwa kuliko yeye, akaimeza kwa imani, anaweza kupata nafuu hata kama ni unga. Nimeyaona hayo."

Kulow alikuwa akifuatilia kwa shida, kidole amekibana kwenye pamba. "Kwa hivyo goti yangu ilidanganywa?"

"Labda, mzee. Labda haikudanganywa."

"Na sasa nifanye nini?"

"Itembee tu."

Salah alianza kutikisika mabega. Shamso aliogopa, akadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alimcheka Kulow, Kulow mwenyewe akaanza kucheka kwa kuona mwenzake anacheka, na Gatwiri akajizuia, akashindwa. Shamso hakucheka. Alikuwa akifikiri kwamba amekuja na hakika moja na anarudi bila hiyo, na bila vidonge.

"Kuna jambo moja tu la kuomba," Gatwiri akasema walipotulia. "Tungependa mzee aendelee kuja. Kupimwa. Kubana kile kifaa, kutolewa damu, basi. Hesabu yake haifutwi. Mliyosema leo yataandikwa pamoja nayo."

"Aje bila dawa?" Shamso akauliza. "Umbebe mtu mgonjwa mpaka hapa, abane chuma, arudi nyumbani? Hilo lina faida gani kwake?"

"Kwake halina, mama. Sitakudanganya. Ni kwa watakaougua baada yake."

Feni ilizunguka. Salah akasema maneno machache kwa Kisomali, na safari hii Gatwiri hakuuliza, alimgeukia tu Shamso akangoja.

Shamso alifasiri neno kwa neno. "Anasema atakuja. Anasema mkono ni mbovu, lakini kama kuna mtu anauhitaji, hajamnyima mtu mkono bado."

*

Tangu aambiwe kwamba huenda goti lake lilidanganywa, Kulow alianza kuchechemea. Alichechemea kutoka kliniki mpaka kwenye tuktuk. Nyumbani akasahau, akatembea vizuri mpaka chooni na kurudi, akakumbuka, akachechemea tena. Kabla ya kwenda kulitafuta lori lake alisimama mbele ya Salah.

"Ina adeer, ningejua kwamba nameza mkono wako, Wallahi..."

"Nenda," Salah akasema. "Kasujudu."

Jua lilikuwa limepunguza ukali. Shamso alimpoza mumewe chai, akamnywesha, safari hii akimtazama waziwazi anapomeza. Alipopaliwa hakugeuza uso. Alimpigapiga mgongoni mpaka kikohozi kikapita, akamfuta macho, na Salah hakukasirika, au alikuwa amechoka mno kukasirika.

"Leta mkono," Salah akasema baadaye.

"Wa nini?"

"Nauza."

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Salah alimfundisha vidole, kwa mchezo tu, wakauziana ng'ombe na visima na nyumba ya jirani. Tangu walipopata watoto hawakucheza tena. Shamso aliitoa shuka begani mwa mumewe, akaitupa juu ya mikono yao miwili.

"Unauza nini wewe, huna hata mbuzi?"

"Mzee mmoja." Akapumzika. "Mkono mbovu. Ulimi mzito. Anagawa... mali ya nyumba bila ruhusa."

"Huyo ana kasoro nyingi."

"Ndiyo maana nauza."

"Taja bei basi."

Shamso akangoja. Chini ya shuka kitu kilipita vidoleni mwa mumewe, chepesi sana, mtetemo tu. Hakuweza kujua ni kidole kimoja kilichojaribu kubana au vyote, ni bei ya chini au ya juu. Hakumwomba arudie. Alikifumbata kiganja chake kizima, akakibana, akakibana tena kwa nguvu zake zote, mpaka Salah akakunja uso.

"Hiyo si bei," Salah akasema. "Hujui kununua. Mnunuzi... hupunguza."

"Mimi sipunguzi," Shamso akasema, na hakuutoa mkono wake.